Kwetu Mtu Hujimiminia

Kesi yenyewe ilikwisha kabla baba yake Kidonge hajang'oka meno ya utoto, lakini waulize watu wa mji ule, watakuapia kwamba ilisikilizwa juzi. Jamani, watu wana vinywa! Hakuna aliyekuwepo na hakuna asiyejua. Wanajua mshitakiwa alijifunga kitambaa cha rangi gani kichwani, wanajua wakili wake alijifuta jasho kwa mkono upi, na wakianza kubishana kama kikombe kilikuwa cha buluu au cheupe, wanaume wazima wenye mvi wanakunja ngumi. Na hicho kikombe! Kila muuza vitu vikuukuu ameshakiuza. Ukivikusanya vyote vilivyouzwa kuwa ndicho chenyewe, unafungua hoteli na vingine unabaki navyo.

Kisa ni kifupi. Karani wa mizani, mtu mpole asiye na ugomvi na yeyote, alirudi kutoka kazini alasiri, akaketi, mkewe akammiminia chai. Jua halijazama, karani maiti. Stoo likakutwa kopo la sumu ya panya, limefunguliwa. Mkewe akapandishwa kizimbani, na watu wakajaa mahakamani hadi wengine wakakaa madirishani wakining'iniza miguu. Wazee wa baraza wakavutana, huyu anasema ndiye, huyu anasema siye. Mwisho jaji akatamka kwamba ushahidi hautoshi, mama aende zake. Sasa sikilizeni vizuri: hakusema mama hana hatia. Alisema ushahidi hautoshi. Katika ufa huo mji mzima unachokoa kwa kidole mpaka leo.

Basi mama huyo aliyeambiwa aende zake ndiye Bibi yake Kidonge. Na akaenda zake kweli, lakini wapi? Nyumba ileile. Watu walidhani atahama usiku usiku kwa aibu. Yeye akafungua madirisha, akafagia, akaanika magodoro, akaishi. Mwanawe wa pekee akakua humo, akawa fundi bomba, akaoa humo, na humo akazaliwa Kidonge.

Jina hilo la Kidonge alipewa na Bibi tangu utotoni kwa sababu alikuwa mdogo, mchungu, na ukishammeza, alisema Bibi, unapona. Lakini wao wawili wakiwa peke yao Bibi hakumwita hivyo. Alimwita "mke mwenzangu," kwa utani ule wa bibi na mjukuu, kwamba wote wawili ni wake wa marehemu babu. Hakuwahi kumwita vingine. Majirani walipousikia utani huo walitazamana, maana kuwa mke wa marehemu yule ni heshima, lakini kuwa mke mwenza wa Bibi, mmh, hapo mtu anajifikiria.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria yake. Hakuna aliyemmiminia mwenzake kitu. Birika lilikaa katikati ya meza, sufuria ikakaa katikati ya meza, kila mmoja akajipakulia. Hata mgeni. "Kwetu mtu hujimiminia," Kidonge aliwaambia wageni tangu alipojua kusema, kidevu juu. Bibi mwenyewe hakusogelea jiko. Kidonge alijua sababu, au alidhani anaijua: Bibi alikuwa na kiburi, kiburi kizuri. Mlisema nilimmiminia mtu sumu? Haya basi, simmiminii mtu tena hata maji ya kunawa. Kidonge alikipenda kiburi hicho mno. Shuleni alimng'oa msichana jino kwa ajili yake, na adhabu akaipokea akicheka.

Hata hivyo siku moja, akiwa bado mtoto, aliuliza. Walikuwa wamekaa mlangoni wakichambua mchele.

"Bibi, ni kweli ulimuua babu?"

"Jaji alishaulizwa hilo, mke mwenzangu," Bibi alijibu bila kuinua macho. "Wewe toa mawe."

Kidonge alicheka wakati ule. Lakini jibu lile lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni, haushuki wala hautoki. Angesema tu "hapana," lingemgharimu nini?

Mama yake Kidonge alipofariki, na alifariki hospitalini kwa shinikizo la damu, madaktari wamemzunguka, Kidonge alimsikia mwanamke mmoja msibani akimnong'oneza mwenzake: "Na nani alikuwa akimpikia?" Alikuwa akipikiwa na mumewe, yule fundi bomba, na uji wake ulikuwa na mabonge. Lakini nani angewaambia? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, wakala wali wa msiba wakashiba.

Mwaka huu redio nayo ikaona isipitwe. Wakaifanya kesi kuwa mchezo, kila alasiri kipande kimoja, na mji mzima ukanyamaza kusikiliza. Kidonge alikuwa akifanya kazi duka la dawa. Amesimama nyuma ya kaunta, anahesabu vidonge kwenye trei, anavitia kwenye bahasha, na redio ya duka la jirani inambwatukia sikioni. Mwanamke aliyeigiza Bibi alipewa kicheko cha kuvutwa, kirefu, kicheko ambacho Bibi hajawahi kukicheka tangu azaliwe. Wateja nao!

"Dada, hii ya kikohozi umepima wewe mwenyewe?" aliuliza mmoja, akiwakonyeza wenzake.

"Nimekupimia ya kwako peke yako," alijibu Kidonge. "Kunywa yote usibakishe." Wakacheka, naye akacheka kwa meno. Moyoni alikuwa anawatukana mpaka vizazi vyao vya mbele.

Lakini kuna jambo ambalo hakumwambia mtu. Siku alipofika mkemia wa serikali kutoa ushahidi, yaani mwigizaji wake, Kidonge aliomba jirani aongeze sauti. Mkemia akaeleza jinsi sumu inavyojificha kwenye kitu kitamu, na Kidonge, mtu wa dawa, akajikuta anatikisa kichwa kukubali. Jioni ile mezani aliitazama mikono ya Bibi. Mikono mikavu, mizuri, imetulia juu ya kitambaa cha meza. Akajichukia. Na kesho yake akasikiliza tena.

Katika majira hayohayo ndipo Mwalimu alipotaka kumuoa. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache, na Kidonge alimpenda kupita kiasi, tusifichane. Tatizo halikuwa Mwalimu. Tatizo lilikuwa shangazi yake, aliyemlea baada ya wazazi kufa. Shangazi akikubali, jambo limekubalika; Shangazi akikataa, hata Mwalimu alie damu. Na Shangazi alikuwa amestaafu ukaguzi wa nyama machinjioni. Alistaafu yeye, pua haikustaafu. Tena kesi ya karani aliijua kuliko mawakili walioisimamia, na kipande cha redio hakikumpita hata kimoja.

"Jumapili anakuja kuniona mimi au kuona jiko letu?" aliuliza Kidonge.

Mwalimu alifikiri. "Vyote," alisema.

"Angalau wewe husemi uongo."

"Akikukataa sijui nitafanyaje," alisema Mwalimu, na sauti yake ilionyesha kweli hajui. Kidonge hakulala vizuri juma zima.

Jumapili ikafika. Shangazi alisimama mlangoni, mwanamke mpana mwenye mkoba mkubwa, akavuta hewa kwa pua mara mbili tatu kabla ya kuingia. Mwalimu alikuwa nyuma yake, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa.

"Shikamoo, mama," Shangazi alimwamkia Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Bibi, ameketi palepale anapoketi siku zote, karibu na dirisha. "Karibu ukae."

Shangazi akakaa. Akageuka huku, akageuka kule, akashindwa kuvumilia. "Alikuwa amekaa hapa?"

"Nani?" aliuliza Baba, ingawa alijua vizuri sana.

"Marehemu."

"Kile pale chenye mto," alisema Bibi. "Hicho ulichokalia wewe ni cha paka."

Basi Shangazi hakuinuka akaenda kukaa chenye mto? Tena akajisogeza mpaka nyuma, akaweka mikono yote miwili kwenye mbao, uso umemwiva kwa furaha ya mtu aliyefika alikokuwa akikuota. Kidonge alitamani ardhi ipasuke.

"Redioni wamesema dirisha linatazama jua linapozama," alisema Shangazi.

"Redio haijawahi kufika hapa."

"Na kikombe, mama? Buluu au cheupe?"

"Kilikuwa na ufa," alisema Bibi. "Rangi sikumbuki."

Kidonge akaona bora alete chai. Aliweka birika katikati, vikombe, sukari, mkate uliopakwa siagi. Baba akakohoa, akasema, "Karibu, dada, ujimiminie. Kwetu ndivyo tulivyo."

Shangazi akafunika kikombe chake kwa kiganja.

"Mimi si mtu wa kuzungukazunguka mbuyu," alisema. "Kijana huyu nimemlea kwa jasho langu. Akioa, atakula mezani hapa. Mama, unisamehe, mimi miaka yote nimekula mshahara kwa kutilia watu shaka. Nyama ikiletwa imefunikwa, mimi hufunua. Mwenye nyama nzuri haifuniki. Sasa nasikia humu hakuna anayemmiminia mwenzake. Kwa nini? Mnaogopana?"

"Ala!" Baba akasimama. "Dada, hapo umevuka mpaka."

"Nimevuka, ndiyo, na nikirudi nirudi na jibu. Mama ammiminie mjukuu wake, kwa mkono wake mwenyewe. Mjukuu anywe, kwa sababu yeye ndiye anayemjua. Akinywa, nami nitakunywa, na leo hii namchukua binti huyu, nimbebe hata mgongoni. Asipokunywa, tutaagana kwa heri, na hakuna aliyemkosea mwenzake."

Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake. Kidonge alimtazama, akasubiri aseme neno, hata moja. Mwalimu akameza mate. Ndipo Bibi alipocheka, si kile kicheko cha redioni, kicheko kifupi tu cha mtu aliyechoka.

"Huyu mgeni ana akili," alisema. "Tumekaa humu maisha yote, hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mnajua nani aliyeianzisha sheria hii?"

"Mama, acha," alisema Baba.

"Niache nini? Nilipokuwa rumande, mwanangu alilelewa na baba zake wadogo. Hata nilipoachiwa walimng'ang'ania. Walipomrudisha alikuwa ameshakua kidogo. Asubuhi ya kwanza nikammiminia chai, nikaweka na sukari nyingi, maana nilikuwa nimemkosa. Akakitazama kile kikombe. Akainuka nacho, akaenda kukimwaga pale mlangoni. Akarudi, akasubiri mpaka nimekunywa mimi, halafu akajimiminia mwenyewe kutoka birika lilelile." Bibi akanyoosha kitambaa cha meza. "Ningefanya nini? Nimpige? Nikasema sawa, kuanzia leo humu ndani kila mtu atajimiminia. Ili asijione mwoga peke yake."

Baba akakaa. Uso wake, uso wa mtu mzima mwenye mikono iliyozoea spana, ukawa kama wa mtoto aliyeshikwa. "Nilikuwa mtoto," alisema. "Baba wadogo walinijaza maneno. Halafu ikawa... nikadhani wewe ndivyo unavyotaka, mama. Nikadhani unaziba watu midomo."

"Na mimi nikasubiri siku utakayosema nimiminie," alisema Bibi. "Haya. Leteni birika."

Kidonge alisukuma birika mbele ya Bibi. Kumbe! Kiburi chote kile alichokibeba, jino la watu alilong'oa, kidevu juu mbele ya wageni, kumbe kilikuwa woga wa Baba, na huruma ya Bibi imeufunika. Aliona haya, akamwonea Baba hasira, akamwonea Bibi uchungu mpaka macho yakamchoma. Akaapa moyoni: leo nakunywa mpaka masalia.

Bibi akamimina. Mikono ile haikuwa imesahau kitu. Alilishika birika kwa mkono mmoja, mfuniko akauzuia kwa kidole cha mkono wa pili, chai ya maziwa ikashuka bila kumwagika hata tone. Akatia sukari, akakoroga, kijiko hakikugonga kikombe. Akamimina cha Kidonge, cha Baba, cha Shangazi, cha Mwalimu. Akampa kila mtu chake mkononi. Kwa Kidonge alitumia mikono miwili.

"Kunywa, mke mwenzangu."

Shangazi alikuwa ameinama mbele, macho kwenye koo la Kidonge.

Kidonge akakipokea. Akakiinua. Mvuke ukampanda usoni, mtamu, na hapohapo, bila kumwita, mkemia wa redio akaanza kusema. *Inajificha kwenye kitu kitamu.* Jaji alishaulizwa hilo. Kopo limefunguliwa. Hapana, wewe, kunywa! Kikombe kikagusa mdomo. Akakiinamisha. Na midomo ikafunga. Hakuifunga yeye, naweza kuapa kwa niaba yake, ilijifunga. Chai ikamlowesha mdomo wa juu ikarudi. Akameza mate, akashusha kikombe, akajifuta.

"Tamu," alisema.

Shangazi aliliona koo limepanda na kushuka, na hilo lilimtosha. Miaka yote ya machinjioni, na akapitwa! Akanyanyua chake, akapiga funda la kwanza, akapiga la pili.

"Hii ndiyo chai waliyoizulia maneno?" alisema. "Mama, hata ingekuwa na sumu ningeomba cha pili." Na akaomba cha pili, na Bibi akammiminia, na Mwalimu akanywa chake chote kwa mkupuo akaungua ulimi. Shangazi akapiga vigelegele peke yake, humo humo sebuleni, ameketi kwenye kiti cha marehemu. Akasema binti ni wao, tarehe tu ndiyo iliyobaki. Akamshika Bibi mikono, akaibusu. Alilia kidogo, tena machozi ya kweli. Alisema kesho atawashukia watu wote wa redio mmoja mmoja.

Kidonge akawasindikiza mpaka barabarani. Mwalimu alimbana mkono, akamwambia maneno ambayo alikuwa ameyasubiri mwaka mzima, na Kidonge aliitika, ndiyo, ndiyo, bila kusikia hata nusu. Akarudi mbio.

Bibi alikuwa amesimama mezani anakusanya vyombo, jambo ambalo Kidonge hakuwahi kuliona. Trei ilikuwa mbele yake. Kikombe cha Shangazi kilikuwa kitupu, majani machache chini. Cha Mwalimu kitupu. Na pembeni vilikuwa vikombe viwili vimejaa vilevile, utando wa maziwa umetanda juu.

Kimoja cha Kidonge. Kingine cha Baba.

Baba alikuwa mlangoni. Kidonge alitaka kusema ilikuwa moto sana, na uongo wenyewe ukagoma kutoka.

Bibi akavitazama vile vikombe. Kisha akachukua cha kwanza, akausogeza utando kwa kidole, akakinywa chote. Akachukua cha pili, akakinywa chote. Ilikuwa imeshapoa. Akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga.

"Sukari ilikuwa sawa," alisema, akachukua trei akaenda jikoni.

Kesho yake asubuhi Kidonge aliamka kabla ya wote, akachemsha chai, akaweka birika katikati ya meza. Bibi alipokuja kuketi karibu na dirisha lake, Kidonge alikisukuma kikombe chake kitupu mpaka mbele ya mikono ile. Alikuwa tayari analia.

"Bibi, nimiminie. Nakuomba. Nitakunywa chote, unanitazama."

Bibi alikuwa anapaka mkate siagi. Alipaka mpaka pembeni, polepole, kama mtu asiye na haraka. Halafu akakirudisha kikombe kwa vidole viwili mpaka kikafika mbele ya Kidonge.

"Jimiminie, mjukuu wangu," alisema. "Kwetu mtu hujimiminia."